Mtoto Aliyelia Mahakamani

Katikati ya kesi ya Tom Robinson, mtoto mmoja wa kizungu anaanza kulia na hanyamaziki. Jina lake Dill, anakaribia miaka tisa, na mjini Maycomb huja likizo tu. Ushahidi haukumliza; mengi yaliyosemwa kizimbani hakuyaelewa. Kilichomliza ni sauti ya mwendesha mashtaka, Bwana Gilmer, alivyokuwa akimhoji Tom. Kila jibu analikejeli, kila swali analitupa kana kwamba anasemesha mtoto wa kutumwa dukani, na anayeulizwa ni mtu mzima wa miaka 25, ana mke na watoto watatu. Jem anamwamuru dada yake, Scout, amtoe Dill nje. Huko nje, chini ya mti, Scout anajaribu kumbembeleza kwa hoja ambayo wasomaji wengi huipita mbio. Anamwambia kwamba mawakili ndivyo walivyo, na isitoshe, yule si ni mtu mweusi tu.

Aliyesema hivyo ni Scout. Si Bob Ewell aliyemsingizia Tom kwamba amembaka binti yake, wala si mmoja wa wale walioendesha magari usiku hadi gerezani wakitaka wapewe Tom wamuue. Ni binti wa Atticus Finch, wakili anayemtetea Tom; ni msimulizi tunayempenda tangu ukurasa wa kwanza, mtoto wa kike anayevaa ovaroli na kurushiana ngumi na wavulana.

Riwaya hiyo, To Kill a Mockingbird ya Harper Lee, ilitoka Julai 1960, mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Pulitzer, na tangu hapo imesifiwa kama hadithi ya watoto wenye mioyo safi wanaokutana kwa mara ya kwanza na ubaguzi wa watu wazima. Sifa hiyo inaifaa filamu ya 1962, ile aliyocheza Gregory Peck, kuliko inavyokifaa kitabu. Kitabuni watoto hawakuanza wakiwa safi. Kila neno juu ya Boo Radley, jirani asiyetoka ndani, wamelirithi kwa Bi Stephanie Crawford, mmbeya wa mtaa: kwamba anazurura usiku, anakula kindi wabichi. Msiba wa nyumba ile wanaugeuza mchezo wa kuigiza mchana kweupe. Calpurnia, mpishi mweusi, amewalea tangu mama yao afe, na bado Scout anashangaa siku ya kupelekwa kanisani kwake kugundua kwamba mwanamke yule ana maisha yake nje ya jiko lao, ana mwana mtu mzima anayewaongoza waumini kuimba mstari kwa mstari, kwa kuwa karibu wote hawajui kusoma. Ubaguzi umo ndani ya watoto hawa kama lafudhi ya kwao. Hawajui kwamba wanao.

Nakala yangu niliinunua kwa muuza vitabu vya mtumba pale Posta, Dar es Salaam, jalada limechakaa na muhuri wa shule fulani ya Marekani bado unasomeka ndani. Kwa miaka kadhaa nimeisoma na wanafunzi wa sekondari katika klabu ya usomaji, baada ya vipindi. Hatuisomi kwa ajili ya mtihani, na labda ndiyo maana wanaisoma kwa raha na kuigombania. Kila mwaka hufika kwenye sauti ya Gilmer, na kila mwaka mimi huikumbuka sauti nyingine.

Baba yangu alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo katika mji mdogo wa pwani. Shule ikifunga mapema nilikuwa nakwenda kumsubiri, nakaa kwenye benchi la barazani, dirisha liko wazi, nasikia kila kitu. Kwetu hakuna juri, wale raia 12 ambao huko Marekani ndio wanaoamua kama mtu ana hatia. Enzi hizo hakimu wa mahakama ya mwanzo alikaa na washauri, wazee wawili kwa kawaida, nao walishiriki katika uamuzi. Siku hiyo aliyesimamishwa alikuwa msichana wa kazi, ametoka bara, ameshtakiwa kwa kuiba herini za dhahabu za mke wa mwenye duka. Ushahidi wenyewe ulikuwa kwamba yeye ndiye aliyekuwa akifagia chumba. Alipoanza kujitetea, Kiswahili chake kikiwa na matamshi ya kwao, r na l zikibadilishana nafasi, watu waliojaa mle ndani wakacheka. Mshauri mmoja naye akacheka. Kila alipofungua kinywa wakacheka tena, mpaka akawa anajibu kwa kutikisa kichwa tu. Akaamriwa asijibu kwa kichwa, aseme. Wanawake waliokaa nami barazani walikuwa wamekwisha kuhukumu kabla ya hakimu: hawa wasichana wa bara, walisema, wote ndio hivyo. Faini au jela miezi sita. Faini hakuwa nayo.

Jioni tulikula wali na samaki. Nikamuuliza, "Baba, yule dada kaiba kweli?"

"Mahakama imeona kaiba."

"Na wewe, Baba, unaonaje?"

"Kula, mwanangu. Angalia miiba."

Baba hakuwa mtu mbaya. Hongo hakuila, na kwa faili zake za kadibodi alikuwa na heshima ambayo wengine huiweka kwa msahafu. Alikuwa amejifunza kuyaacha ya mahakamani mahakamani, kama ambavyo daktari hujifunza kulala usingizi. Mimi siku ile nilipoteza hamu ya kula. Miaka michache baadaye nilikuwa nikikaa kwenye benchi lile lile nikifanya hesabu za shule, sauti za ndani zikinipita kama kelele za soko.

Ndiyo maana, ninapokifungua kitabu cha Lee, mtu ninayemwendea kwanza si Atticus. Ni Dolphus Raymond, mzungu mwenye mashamba anayeishi na mwanamke mweusi na kuzaa naye, anayetembea na chupa ndani ya mfuko wa karatasi ili mji udhani ni mlevi. Mle chupani mna Coca-Cola. Anampa Dill anywe kidogo ili tumbo litulie, kisha anamweleza Scout kwamba Dill analia kwa sababu ulimwengu bado haujamshika sawasawa. Akikua kidogo, huenda ataona jambo si sawa, lakini hatalia tena. Naye Atticus, baada ya hukumu, anamwambia Jem maneno yenye maana ile ile: haya si ya kwanza wala si ya mwisho, na wanaolia ni watoto peke yao. Wanaume wawili wema kuliko wote mjini wanakubaliana kwamba machozi yana umri wake, yanakwisha kama meno ya utotoni. Hakuna hata mmoja anayesema yasikwishe.

Jem anatuonyesha jinsi yanavyokwisha. Usiku wa hukumu analia. Wiki kadhaa baadaye anamzuia Scout asimponde mdudu sakafuni, kwa kuwa mdudu hajamkosea mtu. Halafu Scout anarudi kutoka shule akiwa na swali. Mwalimu wa darasa lake, Bi Gates, amewafundisha kwamba Hitler anavyowatesa Wayahudi ni unyama, na Marekani hakuna mambo hayo; lakini siku ya kesi, wakitoka mahakamani, Scout alimsikia mwalimu huyo huyo akisema ni wakati mwafaka wale weusi wafunzwe adabu. Inawezekanaje? Jem anamshika, anamtikisa kwa hasira, anamwambia asilitaje tena jengo lile, kamwe. Anakaribia miaka 13. Anataka kusahau, na anataka nyumba nzima isahau pamoja naye. Katika riwaya yote sijui ukurasa unaoniuma kama huo, hata ule wa kifo cha Tom aliyepigwa risasi 17 akijaribu kutoroka gerezani.

Lee aliyajua haya kwao. Alizaliwa 1926 Monroeville, Alabama, mji ambao Maycomb ni kivuli chake, na Dill ni picha ya mtoto wa nyumba ya jirani, Truman Capote, aliyekuja kuwa mwandishi mkubwa. Baba yake, A. C. Lee, alikuwa wakili, mhariri wa gazeti na mbunge wa jimbo. Mwaka 1919 aliwatetea watu wawili weusi walioshtakiwa kwa mauaji, akashindwa, wakanyongwa. Harper alikuwa hajafikisha miaka mitano, Machi 1931, vijana tisa weusi waliposhushwa kwenye garimoshi huko kaskazini mwa Alabama wakadaiwa kuwabaka wasichana wawili wa kizungu. Kesi zilianza Scottsboro wiki mbili tu baadaye, wanane wakahukumiwa kifo, ingawa mmoja wa wasichana wale alikuja kukana maneno yake mbele ya mahakama. Wadogo kati ya wale tisa walikuwa na miaka 13 hivi. Na miaka mitano kabla ya riwaya kutoka, Emmett Till wa Chicago, miaka 14, aliuawa Mississippi alikokwenda kuwatembelea ndugu zake, kwa kudaiwa kumkosea adabu mwanamke wa kizungu dukani. Juri ya wazungu watupu iliwaachia watuhumiwa baada ya kama saa moja.

Jem naye anaukaribia umri huo, 13, 14. Lakini Jem alikuwa juu, kwenye roshani ya mahakama, akitazama. Wale walikuwa kizimbani, na Till alikuwa jenezani.

Jambo hili sikulifikia peke yangu. Waliolivuta hadi juu ni wanafunzi. Mwaka mmoja kijana mmoja wa Kidato cha Tatu, mkimya, mwana wa mkulima wa pamba kutoka Shinyanga, aliuliza kuhusu mkono wa Tom. Kila msomaji anaujua mkono huo: wa kushoto, umenyauka, hauna nguvu, na ndio ushahidi kwamba Tom hakuweza kumpiga Mayella Ewell upande ule wa uso. Atticus anajenga utetezi mzima juu yake. Kijana wetu alitaka kujua ulinyaukaje. Tukarudi nyuma kurasa chache hadi pale Mchungaji Sykes, wa kanisa la Calpurnia, anapowanong'oneza watoto roshani: Tom aliunasa kwenye mashine ya kuchambulia pamba alipokuwa mtoto, misuli ikang'oka mfupani, nusura damu imwishe. Na mashine ilikuwa ya nani? Ya Dolphus Raymond.

Darasa lilinyamaza, kisha likalipuka. Bwana wa Coca-Cola, anayewahurumia watoto wa kizungu kwa machozi yao, ndiye mwenye kinu kilichosaga mkono wa mtoto mweusi. Lee anaitaja habari hii kwa sentensi moja hivi, haijibu, wala haimrudishii Raymond kinywani. Sijui kama aliikusudia iwe mtego kwa msomaji. Ila ukishaiona, yale maneno ya Raymond juu ya utoto unaokwisha yanageuka ladha. Tom alipokuwa mtoto kama Jem alikuwa kwenye kinu. Utoto wake haukungoja kesi.

Tukaanza kuwatafuta watoto weusi katika kitabu kile. Ni wachache na hawasemi. Wanaonekana kanisani, wanaonekana pembeni ya uwanja wa mahakama siku ya kesi. Aliye dhahiri kuliko wote ni binti mdogo wa Tom. Atticus anapokwenda kumpa Helen habari za kifo cha mumewe, mtoto huyo anasimama juu ya ngazi za kibanda, na Atticus anamnyooshea kidole akishike ateremke. Mama anatokea, anaona uso wa Atticus na wa Calpurnia, anaanguka chini kabla hajaambiwa neno. Hata hayo hatuyaoni wenyewe: aliyeshuhudia ni Dill, akamhadithia Scout, naye ndiye anayetuhadithia. Kisha ukurasa unageuka. Baadaye tunasikia tu kwamba Helen amepata kibarua, na kwamba lazima azunguke njia ya mbali kukwepa nyumba ya Ewell. Watoto wake wanabaki na nani, au walilia kwa muda gani, hatuambiwi kwa uzito wowote.

Kuna pia ile picha iliyofanya watu wengi wampende Atticus. Kesi imekwisha, Tom amepatikana na hatia, Atticus anapita peke yake kuelekea mlangoni, na juu roshani weusi wote wanainuka. Mchungaji anamwambia Scout naye asimame, baba yake anapita. Machozi huwatoka watu hapo. Msichana mmoja wa klabu yetu, ulimi wake kama wembe, akauliza: "Mwalimu, na Tom alipotolewa, nani alisimama?" Tulikagua. Kitabu hakituonyeshi hata Tom akitolewa.

Sisemi haya ili kukitupa kitabu. Kuna shule huko Marekani zimekiondoa kwa sababu zinazopingana: bodi moja ya Virginia mwaka 1966 ilikiona kinakiuka maadili, wilaya ya shule ya Biloxi, Mississippi, mwaka 2017 ilikitoa katika masomo kwa kuwa lugha yake inawakera watu. Mimi ningekiacha darasani hata kwa ajili ya ule usiku wa gerezani peke yake, pale Scout anapopenya katikati ya kundi la wauaji hadi kwa mzee Cunningham na kumtuma amsalimie mwanawe anayesoma naye, mpaka mtu yule anaona haya na kuwaondoa wenzake. Scout hakujua wamekuja kufanya nini, na kutojua kwake kukaokoa maisha kwa usiku mmoja. Mchana sheria ikayachukua.

Mwaka 2015 ilipochapishwa Go Set a Watchman, aliyoiandika Lee kabla ya To Kill a Mockingbird, wasomaji wengi walihuzunika: Scout, sasa mwanamke wa miaka 26, anarudi nyumbani na kumkuta Atticus mzee amekaa na wanaopinga watu weusi wasome na wazungu. Kuna wazazi waliokuwa wamewapa wana wao jina lake. Huzuni yao naielewa, mshangao siuelewi. Atticus wa To Kill a Mockingbird ndiye aliyewaambia watoto kwamba Ku Klux Klan ilikuwa chama cha siasa tu, kikakosa wa kumtisha; ndiye aliyesema mzee Cunningham, aliyekuja na wenzake kumuua mfungwa, ni mtu mwema mwenye kasoro zake. Alikuwa wakili hodari wa mtu mmoja. Utaratibu uliomweka mtu yule pale aliuona kama hali ya hewa.

Na hali hiyo ya hewa iliendelea. Mwaka 1987, Monroeville hiyo hiyo, Walter McMillian, mweusi mwenye biashara ya kukata miti, alikamatwa kwa mauaji ya msichana wa kizungu. Siku ya tukio alikuwa nyumbani kwake, watu wengi wamekuja kununua samaki wa kukaanga, nao walitoa ushahidi. Juri, karibu wote wazungu, ilimkuta na hatia ikapendekeza kifungo cha maisha; jaji akapandisha hadi kifo. Aliachiwa 1993, baada ya wakili Bryan Stevenson kuonyesha kwamba shahidi mkuu alidanganya. Mji wakati huo ulikuwa na jumba la mahakama ya zamani lililogeuzwa makumbusho, na ndani yake wenyeji walikuwa wakiigiza kesi ya Tom Robinson kwa fahari.

Siku hizi klabu yetu ikimaliza Lee hupokea kitabu cha pili: Roll of Thunder, Hear My Cry cha Mildred D. Taylor, mwandishi mweusi, kilichotoka 1976. Mwaka wa hadithi ni 1933, ule ule unaoanzia cha Lee. Jimbo ni la jirani, Mississippi. Msimulizi ni Cassie Logan, msichana mweusi wa miaka tisa. Mdogo wake, wanayemwita Little Man, ana miaka sita, na kinachotokea siku yake ya kwanza darasani ningependa kila mtu akisome kando kwa kando na siku ya kwanza ya Scout.

Wote wawili wana miaka sita. Wote wamefika shuleni wanajua kusoma tayari, na wote wanaadhibiwa siku hiyo hiyo. Scout anamkera mwalimu kwa kusoma vizuri mno, anaambiwa amwambie baba yake aache kumfundisha, anaishia kupigwa kwa rula viganjani. Jioni anapatana na Atticus waendelee kusoma kama kawaida. Little Man anapewa kitabu kilichochakaa. Ni mtoto nadhifu, asiyependa vumbi kwenye soksi, kwa hiyo anaomba kingine kisafi. Anakataliwa. Anafungua jalada, anaona jedwali la wanafunzi waliowahi kukitumia: mwaka baada ya mwaka, hali ya kitabu ikizidi kuwa mbaya, safu ya rangi ya mwanafunzi inasema mzungu, mzungu, mzungu. Mstari wa mwisho, kitabu kikiwa hakifai tena, umeandikwa kwa tusi wanaloitwa watu kama yeye. Anakitupa chini, anakikanyagakanyaga. Anachapwa. Cassie anajaribu kumweleza mwalimu kwamba mdogo wake anajua kusoma, ameelewa kilichoandikwa. Na yeye anachapwa.

Mama yao, Mary Logan, ni mwalimu katika shule hiyo hiyo. Hawaambii kwamba wakikua hawatalia tena. Anachukua karatasi na gundi, anafunika jedwali katika kitabu cha kila mmoja, kisha anavifunika na vya darasa lake, mwenzake akimwonya kwamba anajitafutia balaa. Baadaye wenye nguvu wa mji wanaingia darasani kwake, wanamkuta akifundisha historia ya utumwa isiyokuwemo katika vitabu vyao, wanaviona vile vitabu vilivyobandikwa karatasi, na kazi inakwisha siku hiyo.

Tulipofika hapo safari iliyopita, yule msichana mwenye ulimi wa wembe, sasa yuko Kidato cha Nne, aliuvuta mkoba wake akakitoa tena kitabu cha Lee. Alihangaika nacho kidogo, akipekua sura za mwishoni, kisha akasoma kwa sauti pale Scout anapoeleza kwamba mwaka ule ule wa kesi, pamoja na yote yaliyosemwa juu ya malezi ya watoto wake, Maycomb ilimrudisha Atticus katika bunge la jimbo bila mpinzani.

"Mama Logan kafukuzwa," akasema. "Huyu kachaguliwa. Haya Mwalimu, tueleze."